Kombi ya T3 na injini nyingine: Wasserboxer, Subaru au dizeli?

Kombi ya T3, ile yenye uso wa mraba na injini iliyolala nyuma chini ya godoro, bodi yake huishi kuliko injini. Volkswagen ilianza kuitengeneza Hannover mwaka 1979. Ulaya ikaacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, Afrika Kusini ikaendelea nayo hadi 2002. Waingereza huiita T25, Marekani ni Vanagon, kwetu ni Kombi tu. Zilizobaki barabarani nyingi zimegeuzwa nyumba ya safari: kitanda, jiko la gesi, sinki, paa la kuinua. Na nyingi zimefika mahali ambapo fundi anajifuta mikono na kusema, "Bosi, hii injini imechoka, tufunge nyingine." Nyingine ipi? Hapo ndipo watu wanapopotea.

Nazilinganisha njia tatu ambazo mtu wa Nairobi, Arusha, Dar es Salaam au Kampala anaweza kuzimudu kweli: kuifufua injini ya asili ya petroli, kufunga injini ya Subaru ya familia ya EJ, au kufunga dizeli ya Volkswagen ya lita 1.9. Zipo nyingine. Afrika Kusini kiwanda chenyewe kilifunga injini ya Audi ya silinda tano, na ya mwisho, ya lita 2.6, ilitoa kilowati 100. Ni injini tamu, lakini kuipata huku juu pamoja na vifungio vyake vyote ni kazi ya kuagiza kipande kimoja kimoja, kwa hiyo naiacha. Umeme nao unawezekana, ila kwa gari la kulala porini siku kadhaa mbali na soketi bado siwezi kumshauri mtu.

Msimamo wangu nautoa mapema: nguvu za farasi ziwe swali la mwisho. La kwanza ni mji gani utakwama na spea gani itapatikana hapo. La pili ni giaboksi yako inabeba nini. La tatu ni maji ya kupooza. Ukiyajibu hayo matatu kwa ukweli, mara nyingi injini inajichagua yenyewe.

Ujue kwanza unachokitoa

T3 za mwanzo zilipoozwa kwa hewa. Mwishoni mwa 1982 ikaja boksa ya maji, ndiyo Wasserboxer: silinda nne zilizolala, mbili kushoto, mbili kulia. Ile ya lita 1.9 ya kabureta iliyoenea zaidi ilitoa nguvu za farasi 78; ya lita 2.1 iliyofuata ilifika 112 kwenye toleo lake lenye nguvu kuliko yote. Upande wa dizeli kulikuwa na lita 1.6 yenye nguvu 50, baadaye ikaongezewa tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) ikafika 70. Hamsini kwa gari ambalo likijazwa maji, mafuta, watu na vyombo linapita tani mbili! Kama Kombi yako ilizaliwa na dizeli ile, sihitaji kukueleza kwa nini unataka kubadilisha.

Sasa ongeza mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi. Ukifika Limuru umepita 2,200. Wasserboxer ya nguvu 78 huko juu imebaki na kama 60. Kwa hiyo takwimu unazosoma za watu wa Ujerumani au Florida zipunguze kabla hujazitumia kwetu. Dizeli yenye tabo haiumii hivyo, kwa kuwa tabo inafidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Hili watu hulisahau kabisa wanapolinganisha injini kwenye karatasi.

Kuifufua Wasserboxer

Ugonjwa wa injini hii unajulikana dunia nzima: silinda hedi kuvuja. Si gasketi moja bapa kama ya Toyota. Kila silinda inazibwa juu kwa pete ya chuma, halafu chumba cha maji kinachozunguka silinda kinazibwa kwa gasketi pana ya mpira pembezoni mwa hedi. Hapo mpira unapokalia ndipo aluminiamu inapoliwa. Ingia chini ya gari na tochi, angalia ule mstari kati ya hedi na bloku, upande wa chini. Ukiona chumvi nyeupe au ya kijani imeganda, na tone linaning'inia, injini imeshakuambia. Fundi atakayekuambia apake silikoni kwa nje, mshukuru na uondoke.

Chanzo kikubwa ni maji. Injini hii inataka kulanti isiyo na fosfeti, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na ibadilishwe kwa wakati. Sisi tumezoea kujaza rejeta kwa maji ya bomba, au ya mto ikibidi. Wasserboxer haivumilii hilo. Hedi zikishaliwa vishimo, na studi zikishashika kutu hadi zinakatika wakati wa kufungua, bei ya kuifufua inapanda haraka, na hedi mpya zinaagizwa kutoka nje.

Hata hivyo nina sababu ya kuiheshimu njia hii. Hukati waya hata mmoja. Hubadilishi maunti (vishikizo vya injini), eksosi wala mabomba. Giaboksi inabaki na mzigo iliyoumbiwa. Karatasi za gari hazina utata, hasa ukibaki na bloku ile ile. Na kama gari lako ni zima, halijakatwakatwa, thamani yake kwa mtu anayezijua inabaki. Kwa anayetembea taratibu, Naivasha wikendi, Bagamoyo likizo, Wasserboxer ya 2.1 iliyojengwa vizuri na kutunziwa kulanti inatosha kabisa. Inakula lita 12 hadi 14 kwa kilomita 100, na mlimani utashika gia ya pili nyuma ya malori. Kama hilo halikuudhi, usisumbuke na Subaru.

Subaru EJ: kwa nini kila mtu anaitaja

Wamarekani walianza kuipenda kwa sababu ya umbo. Ni boksa vilevile, imelala vilevile, kwa hiyo inaingia mahali pale pale bila kugusa kitanda. Na inazunguka upande unaotakiwa na giaboksi ya T3, hivyo hutajikuta na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kwetu kuna sababu nyingine kubwa kuliko hizo: Impreza, Legacy na Forester zimejaa. Gerezani pale Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga Nairobi, ukitaka pampu ya maji ya EJ20 unaipata, tena unachagua. Ukitaka ya Wasserboxer utapewa namba ya simu ya mtu anayemjua mtu.

Ipi kati ya EJ? Huko Marekani wanaisifu EJ22 ya Legacy za 1990 hadi 1994, lita 2.2, kwa sababu mkanda wa taiming ukikatika valvu hazigongi pistoni. Kwetu hiyo ni adimu. Iliyopo ni EJ20 isiyo na tabo, nguvu 125 hadi 140 hivi kutegemea mwaka, na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa karibu Nm 180. Mimi ningeichukua hiyo bila kuwaza mara mbili, kisha mkanda, tensiona na pampu ya maji vibadilishwe siku ya kwanza injini ikiwa bado sakafuni. EJ15 inagharimu kazi ile ile kuifunga na inakupa nguvu kidogo, achana nayo. EJ25 ina nguvu zaidi, lakini gasketi zake za hedi zina sifa mbaya. Ukiichukua, zifumuliwe na ziwekwe gasketi za chuma za tabaka nyingi kabla haijaingia kwenye gari. Ya tabo ni kishawishi cha vijana. Joto lake linakaa chini ya godoro unalolalia, na msukumo wake utaila giaboksi.

Kazi yenyewe sasa. Hapa ndipo bei inapojificha.

Bamba la kuunganisha injini na giaboksi ni lazima, na lazima lichongwe kwa usahihi. Likikaa upande hata kidogo, beringi ya shafti ya giaboksi itakufa mapema. Flaiwili ya Volkswagen ina matundu matano, krankshafti ya Subaru ina manane, kwa hiyo inatobolewa upya au inawekewa kipande cha kati. Starta inabaki ya Volkswagen, maana inakaa kwenye giaboksi. Vipo vifaa vilivyokamilika vinavyouzwa Ulaya na Marekani, na kama kuna sehemu moja ya mradi huu ya kununua tayari badala ya kuchongesha mtaani, ndiyo hii.

Sampo ya Subaru, lile bakuli la oili chini ya injini, inaning'inia chini kuliko ya asili. Kwenye lami hutaona tatizo. Kwenye barabara ya Loliondo yenye mwamba katikati, sampo ndiyo itakayogusa kwanza. Inakatwa fupi na kupanuliwa pembeni ili ujazo wa oili usipungue sana, na bomba la kufyonza oili linafupishwa kwa kipimo kile kile. Fundi akifupisha sampo akasahau bomba, injini itakosa oili.

Maji yanataka akili zaidi. Rejeta ya T3 iko mbele kabisa, injini nyuma kabisa, na katikati kuna mabomba mawili marefu chini ya sakafu. Thamostati ya Subaru, valvu inayofunguka maji yakipata moto, iko upande ambao maji yanarudi kutoka kwenye rejeta, na inategemea maji ya moto yanayozunguka kupitia hita ili ijue lini ifunguke. Hita ya T3 ina valvu inayofungwa. Ukiifunga siku ya joto, thamostati inakaa kwenye maji baridi, haijui kwamba injini inachemka. Ndiyo maana lazima iwekwe hosi ya njia ya pembeni inayopitisha maji muda wote. Kombi nyingi za Subaru zinazosemwa "zinachemsha tu" zimekosa hosi hiyo, au hazijatolewa hewa ipasavyo. Kutoa hewa: inua pua ya gari hadi mbele iwe juu kuliko nyuma, legeza skrubu iliyo juu ya rejeta nyuma ya grili, mtu mmoja ashikilie mzunguko wa injini karibu 2,000 kwa dakika na mwingine ajaze kwenye tangi la nyuma mpaka maji yatoke mbele bila mapovu. Ukiruka hatua hii, hata injini mpya ya kiwandani itaungua.

Mwisho, nyaya. Nunua injini pamoja na nyaya zake zote na kontrol boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Bora zaidi ile nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani na kuletwa nzima. Chagua ya mwaka ambao kanyagio la mafuta bado linavuta kebo, na ufunguo hauna chipu ya kuzuia wizi. Utajiepusha na wiki za kusaka kwa nini haiwaki. Kama Kombi yako ilikuwa ya kabureta, weka pia pampu ya mafuta ya presha na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi.

Ukimaliza, unapata gari jingine. Linashika kasi ya malori na kuyapita, halipigi kelele, na Mai Mahiu unaipanda kwa gia ya tatu. Ulaji wa mafuta ni karibu ule ule, lita 11 hadi 13 ukiwa na mguu mwepesi.

Dizeli ya lita 1.9

Kuna mbili za kufikiria. AAZ ni tabo dizeli ya kizamani, nguvu 75, Nm 150, pampu ya Bosch inayofanya kazi bila kompyuta. TDI ya kwanza, dizeli ya tabo inayoongozwa na kompyuta, ile ya Golf ya tatu na Passat za miaka ya 1990, ni nguvu 90 na Nm 202 kuanzia mzunguko wa 1,900 tu; ya nguvu 110 inafika Nm 235. Linganisha na EJ20, ambayo Nm zake 180 unazipata ukiwa umeikanyaga hadi karibu 4,000. Mlima wa Kitonga, gari limejaa, nyuma ya lori linalotambaa: TDI inavuta kimyakimya mahali ambapo Subaru inataka ushushe gia.

Kwa upande wa mafuta hakuna ubishi. Lita 8 hadi 9 kwa kilomita 100. Tangi la T3 ya kawaida ni lita 60, kwa hiyo Wasserboxer inakupeleka kama kilomita 450, TDI karibu 700. Anayeelekea Turkana au Katavi ajiulize vituo viko wapi.

Swali linaloamua ni hili: Kombi yako ilizaliwa dizeli au petroli? Injini hizi ni ndugu wa ile 1.6 ya asili. Kama gari lilikuwa la dizeli, maunti zipo, kengele ya giaboksi (ganda lake linaloshikana na injini) inakubali, na AAZ inaingia karibu bila vita. Kama lilikuwa la petroli, unahitaji kengele ya dizeli, mihimili ya kubebea injini, sampo ya T3 dizeli na bomba lake la oili, kwa sababu injini inafungwa imelazwa nyuzi 50 upande wa kushoto ili iingie chini ya sakafu. Vipande hivyo havipo Gerezani. Ukiisimamisha zaidi kwa maunti za kuchongesha, kifuniko cha injini kitagonga, nawe utainua kitanda.

Kwenye kompyuta mimi niko upande wa AAZ kwa anayekwenda mbali, na najua wengi hawatakubaliana nami. Nguvu 75 si nyingi. Lakini haina kontrol boksi ya kufa Moyale, na fundi yeyote wa pampu za dizeli anaifahamu pampu ya aina ile. TDI ni bora kwa kila kipimo isipokuwa hicho kimoja. Spea zake huku si haba kabisa, ila si Subaru.

Kelele usiidharau. Unalala juu ya injini na unaendesha mbele yake. Dizeli inataka mfuniko uliotandikwa vizuri na maunti laini, la sivyo watoto wataanza kuomba kusafiri kwa basi.

Giaboksi ndiyo hakimu

Giaboksi ya T3 iliumbiwa injini dhaifu. Wasserboxer ya 2.1 inatoa Nm 160 hivi. EJ20 inaongeza kidogo, na ukiwa mstaarabu giaboksi nzima itakaa. TDI ya 90 inaongeza zaidi, tena kwa mzunguko mdogo, na hiyo ndiyo inayopinda meno: kukanyaga hadi sakafuni kwenye gia ya nne ukiwa na mwendo wa taratibu. Ya 110 bila kuijenga giaboksi upya, sikushauri.

Halafu kuna uwiano wa gia. Giaboksi ya dizeli ya asili ina gia fupi sana; ukiiwekea TDI, kwa kilomita 90 kwa saa injini inapiga kelele bila sababu. Giaboksi ya petroli inaendana na TDI vizuri zaidi, na kwa Subaru iko sawa kama ilivyo. Kwa vyovyote, ishushwe na ikaguliwe wakati injini iko nje. Injini mpya kwenye giaboksi iliyochoka ni pesa iliyotupwa mara mbili.

Ningemwambia nani achukue ipi

Gari la petroli, mwenye nalo anaishi kati ya miji na mbuga, anataka kupanda milima bila kero na kupata spea Jumamosi mchana: Subaru EJ20. Hili ndilo jibu langu kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, na sababu ni spea kuliko nguvu. Gari lililozaliwa dizeli: AAZ au TDI, wala usimsikilize anayekuuzia Subaru, maana utakuwa unatupa vifungio ambavyo wenzako wanavitafuta. Gari safi la asili, hasa Westfalia (iliyogeuzwa nyumba ya safari na kampuni ya jina hilo) isiyoguswa au Syncro inayosukumwa na magurudumu yote manne: jenga Wasserboxer, weka kulanti sahihi, na iache gari iwe yenyewe.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu asiuze Kombi anunue HiAce ya 5L. Kama unachotaka ni kufika tu, uwe na amani, nunua HiAce. Nawaandikia wanaoipenda hii.

Vyovyote utakavyochagua, mambo mawili yasisubiri. Hosi za mafuta zote zibadilishwe, kuanzia kwenye tangi hadi kwenye injini, pamoja na vibano vyake. T3 nyingi zimeungua kwa hosi iliyopasuka juu ya eksosi ya moto, na hapo ndipo mnapolala. Mabomba ya maji chini ya sakafu nayo yakaguliwe: ya zamani ni ya chuma na huliwa na kutu kwa ndani, ya baadaye ni ya plastiki na hulegea kwenye viungio vya mwisho.

Na karatasi. Kenya, mabadiliko ya injini yanapelekwa NTSA ili logbuku isomeke sawa. Tanzania ni TRA na kadi ya gari. Dai risiti yenye namba ya injini pamoja na hati za forodha zilizoingiza injini hiyo nchini, na uzipate kabla hujalipa salio, kwa sababu baada ya hapo muuzaji hana haraka. Kama una mpango wa kuvuka mipaka kwa carnet, hati ya forodha ya kuvushia gari kwa muda, namba ya injini imeandikwa humo pia: badilisha kwanza kadi, ndipo uombe carnet.